Kigae cha Babu, Kutoka Tabora Hadi Kaole

Mliopita kwangu wiki hizi mmeona ua wangu wa nyuma umepigwa kamba na kuchimbwa mashimo ya pembe nne, na kila mmoja ameondoka na maelezo yake. Mwalimu mwenzangu anasema nachimba kisima. Jirani wa kulia anasema nimeota hazina ya Wajerumani, na siku hizi ananiamkia kwa heshima asiyokuwa nayo zamani. Nimechoka kujibu mmoja mmoja langoni huku nimeshika jembe, kwa hiyo nimekaa kuandika. Mashimo haya yalianzia Kaole, ng'ambo ya pili ya nchi, kwenye magofu ambayo mimi sikutaka kwenda kuyaona.

Kabla ya kupanda basi

Mnamfahamu Shangazi Mwanaidi, dada yake marehemu baba, ninayeishi naye katika nyumba aliyoijenga babu karibu na reli. Mwaka huu amejaliwa kwenda kuhiji. Na mtu anayekwenda kuhiji haondoki hivi hivi. Anawaaga watu, anaomba radhi kwa kila aliyemkosea, na kama ana haki ya mtu au amana ya mtu mkononi, anairudisha kwanza. Shangazi alikuwa na amana moja.

Babu alizaliwa Kaole. Alipokuwa kijana, siku aliyoondoka kwao kuja kufanya kazi ya reli huku Tabora, alipita kwenye makaburi ya kale, akabandua kipande cha bakuli la kijani lililojengewa ukutani mwa kaburi mojawapo, akakitia mfukoni kiwe ukumbusho wa kwao. Ujanani hakikumsumbua. Uzeeni kilianza kumnyima raha, na kabla hajafa alimkabidhi shangazi akamwambia, "Mrudishie mwenyewe." Shangazi akakifunga kwenye kitambaa, akakitia kwenye kopo la majani ya chai, akaliweka juu ya kabati. Ikawa kesho, ikawa keshokutwa, ikapita miaka arobaini na ushee.

Sasa niwaambie jambo nililokuwa nalijua mimi peke yangu. Kilichokuwa ndani ya kopo hakikuwa kigae cha babu.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tunacheza ule mchezo wa kuchora vyumba mchangani, unarusha kigae, halafu unaruka kwa mguu mmoja. Kigae ndicho kinachompa mtu ushindi: kiwe kizito kidogo, laini, kisidunde. Nikakumbuka kile cha juu ya kabati. Nilishinda siku tatu mfululizo mpaka wenzangu wakaanza kusema nimekwenda kwa mganga. Siku ya nne kiliteleza kikaangukia kwenye udongo waliokuwa wakiukanyaga mafundi wa jiko la uani, na sikukiona tena. Nilitafuta siku mbili. Ya tatu nikaichukua sahani ya kijani ya mama, nikaivunja, nikachagua kipande kinachofanana na kile, nikakisugua kwenye jiwe la kunolea visu mpaka kingo zikalainika, nikakiloweka kwenye chai ya rangi. Vipande vilivyobaki nikavizika. Sahani ilipokosekana, mama alimshutumu paka.

Kwa hiyo shangazi alikuwa anajiandaa kwenda Makka na moyo mweupe kwa kurudisha kipande cha sahani yetu ya wali. Nilipaswa kumwambia kabla hatujatoka nyumbani. Mimi mwenye miaka hamsini na mbili, mwalimu wa watu, ninayewaambia watoto kila Jumatatu wasiseme uongo, nilinyamaza nikabeba mkoba.

Tabora hadi Vigwaza

Shangazi alianza kazi ya kuomba radhi palepale stendi. "Nakwenda kuhiji, inshallah," alimwambia dereva. "Nisamehe nilipokukosea, kwa kujua na kwa kutokujua."

Dereva alimtazama. "Umenikosea nini, bibi? Si ndiyo kwanza tunaonana?"

"Usiulize. Samehe."

"Haya, nimekusamehe. Na wewe uniombee huko."

Baada ya hapo akaenda kwa kondakta, halafu kwa abiria wa viti vya mbele, kiti kwa kiti, huku akishikilia vyuma maana gari lilikuwa limeshaondoka. Kufika Manyoni nusu ya basi walikuwa wameshamsamehe, na mzee mmoja wa Kinyaturu aliyekuwa na masikio mazito alimsamehe mara tatu.

Ilipofika Dodoma ndipo akapata kosa la kweli. Tulikuwa na dumu la asali, maana mtu wa Tabora haendi ugenini bila asali, na mimi ndiye niliyelifunga. Mfuniko ulilegea. Asali ikatambaa chini ya viti taratibu mpaka ikafika kwenye viatu vipya vya bwana mmoja wa suti aliyekuwa amelala. Alipoamka na kutaka kuinua mguu, kiatu kilibaki sakafuni. Shangazi alimwendea kama mwenye furaha. "Wewe sasa," alimwambia, "wewe nimekukosea kweli." Yule bwana alicheka mpaka akashindwa kukasirika, na tukamsafisha viatu kwa maji ya kunywa.

Chalinze tuliipita salama. Vigwaza gari likazimika. Fundi aliingia chini, akatoka, akasema neno ambalo kila msafiri analijua: "Dakika kumi tu." Jua lilipoelekea kuzama bado alikuwa uvunguni. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchemsha kando ya barabara, Mama Upendo, mwenyeji wa Mbeya aliyehamia Vigwaza na mume wake mkulima, alimwona shangazi ameketi juu ya begi, akakataa katakata tulale kwenye basi.

Kwake ukutani kulikuwa na kalenda ya kanisa. Shangazi alikaa kwa adabu, na nilimwona akiwaza habari ya kuku aliyekuwa akifukuzwa nje. Mama Upendo aliwaza kabla yake. Alimwita jirani yake, Bwana Saidi, aje achinje. "Huyu ndiye mchinjaji wetu," alisema, "Krismasi na Pasaka kuku wote wa hapa wanapita kwake, maana huwezi kupika sikukuu halafu jirani asile." Shangazi alikula paja na shingo. Alipomaliza aliomba radhi kwa nyumba nzima, na Mama Upendo akamjibu kwa sala ndefu iliyoishia amina, na wote wawili wakaitikia.

Tulipotandikiwa godoro nilisema, "Shangazi, kuna jambo kuhusu kile kigae."

"Nimekitia kwenye sidiria," akasema. "Usiwe na wasiwasi." Akageukia ukutani akalala.

Vigwaza hadi Mapinga

Asubuhi basi lilikuwa limeshaondoka. Fundi alikuwa amesema kweli safari hii, ila alizihesabu dakika zake kuanzia alfajiri, na sisi tulikuwa bado tunakunywa chai. Shemeji yake Mama Upendo alikuwa anapeleka pumba za kuku Mapinga kwa pikapu, akatuchukua. Shangazi alikaa dirishani, mimi katikati, na tulikatiza kwa njia ya Kibaha tukiwa na vumbi la pumba mpaka kwenye kope.

Shemeji alitushusha kando ya barabara Mapinga akatuambia tungoje usafiri wa Bagamoyo. Sasa, Mapinga ya siku hizi, ukimwona mtu mgeni amesimama na mkoba anatazama huku na huku, basi amekuja kutafuta kiwanja. Hatujakaa dakika tano akaja kijana amevaa shati jeupe na buti za shambani.

"Shikamooni mama zangu. Poleni na safari. Twendeni, si mbali."

"Marahaba," akajibu shangazi, akamfuata. Nami nikamfuata shangazi, nikidhani wameshaelewana. Tulipita shamba la mihogo, tukapita nyumba isiyoezekwa, tukafika kwenye uwanda wenye vijiti vilivyochorwa rangi nyekundu.

Kijana akapanua mikono. "Ndiyo hapa."

Shangazi alitazama vile vijiti. "Makaburi yako wapi?"

Uso wa kijana ukabadilika. "Makaburi? Nani kawaambia hapa kuna makaburi?"

"Baba yangu."

"Bibi, huyo baba kadanganywa na watu wenye chuki na mimi. Naapa hapa hakuna kaburi hata moja. Mtachimba msingi mpaka mchoke, hamkuti hata kidole."

"Kama hakuna makaburi," shangazi akasema, sasa kwa ukali, "umetuleta kufanya nini?"

Kijana alinigeukia mimi kwa macho ya kuomba msaada. Amekuwa dalali miaka sita, alituambia baadaye, na hajawahi kupata mteja anayekidai kiwanja chenye makaburi. Tulipomweleza kwamba tunakwenda kwenye magofu ya Kaole aliketi chini akacheka peke yake. Shangazi akamwomba radhi kwa kumpotezea muda. Akasamehe, akatutafutia bajaji ya jamaa yake, na alipotufungia mkoba nyuma alimnong'oneza dereva awe mwangalifu kwa sababu bibi ni mtu wa Makka.

Zinga, na usiku mmoja Bagamoyo

Tulisimama Zinga kwa sababu shangazi alinusa nazi. Kwenye kibanda cha barabarani palikuwa na mihogo ya nazi na kipande cha samaki wa kukaanga, na mpishi alikuwa mama wa makamo aliyesema Kiswahili kile kile cha babu. Hilo shangazi hakulitarajia. Mama yule aliposema, "Karibuni, jongeeni, mpate kula kingali cha moto," shangazi aliacha kijiko. Sauti ile ya kuvuta maneno taratibu hakuwa ameisikia tangu alipomzika baba yake. Alimsemesha mambo yasiyo na maana, bei ya nazi, mvua, jina la mtoto, ili mradi yule mama aendelee kusema. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Mimi nilikula mihogo yangu. Mpaka pale nilikuwa nimelichukulia jambo hili kuwa aibu yangu ndogo ya utotoni. Nilipomwona analia juu ya sahani ya mihogo niliona ukubwa wa nilichokifanya.

Bagamoyo tulilala kwenye nyumba ya wageni yenye shuka za maua. Jioni tulikula wali na mchuzi wa pweza. Shangazi, mtoto wa mtu wa pwani lakini aliyekulia Tabora, alimtazama yule mnyama na mikono yake yote, akauliza kama ameiva, akauliza tena, kisha akamla wote na sehemu yangu.

Kaole

Asubuhi dereva yule yule wa bajaji alitupeleka. Barabara inapita katikati ya minazi na mashamba, halafu ghafla unaona kuta za mawe ya matumbawe, nyeusi kwa umri, nyingine zimebaki nusu, nyingine zina nguzo ndefu juu ya kaburi. Pana msikiti ambao kibla chake bado kimesimama. Bahari imerudi nyuma na mahali pake imeota mikoko, kwa hiyo mji uliokuwa bandari sasa hauoni maji.

Nilitaka kupaona pabaya, kwa sababu zangu. Sikuweza. Pametulia, pamefagiwa, na kwenye nguzo za makaburi kuna vishimo vya duara, laini ndani, mahali mabakuli yalipokuwa yamejengewa. Shangazi alikwenda akitia kiganja chake katika kila kishimo alichoweza kukifikia. Hakujua kaburi ni lipi, babu hakusema. Alisoma Fatiha kwa wote.

Amana basi tukaipeleka kwenye makumbusho ya pale, nayo ni madogo, kama darasa langu la tatu, na makabati machache ya kioo. Msimamizi alikuwa binti anayeitwa Neema, mwenyeji wa Njombe, ambaye alijipepea kwa daftari na kutuambia kuwa mwaka wa pili sasa na bado hajalizoea joto.

"Shikamoo bibi. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta amana." Shangazi akageuka ukutani, akaingiza mkono kifuani, akatoa kitambaa. Alisimulia habari ya babu kuanzia reli hadi kopo. Neema alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akakipokea kigae kwa mikono miwili.

Alikigeuza. Akaenda nacho dirishani. Nilimwona akikitazama ubavuni, pale kilipovunjika, halafu akatazama vigae vya kijani ndani ya kabati, ambavyo ndani yake ni vya kijivu. Changu ndani ni cheupe kama chaki. Akainua macho, na hakumtazama shangazi, alinitazama mimi. Sijui uso wangu ulisema nini, lakini binti yule alielewa.

"Ahsante sana, bibi," akasema polepole. "Tutakipokea."

Yangeweza kuishia pale. Shangazi alishusha pumzi ambayo nadhani aliishikilia miaka arobaini, akasema alhamdulillah, akaketi kwenye benchi. Kisha akanigeukia.

"Zuhura, wote nimewaomba njiani, wewe nilikuwa nakungoja hapa. Wewe ndiye niliyekukosea kuliko wote. Nilikulea kwa ukali. Nilikuchapa kwa makosa ya wenzako. Nisamehe, mwanangu, nisije nikasimama mbele ya Kaaba na kinyongo chako."

Nilifungua mdomo niseme nimekusamehe, na kilichotoka ni kilio. Nikamwambia yote, tangu mchezo wa vyumba mpaka chai ya rangi, huku nimepiga magoti kwenye sakafu ya makumbusho kama mtoto. Neema alijua pa kutazama. Alitazama daftari lake.

Shangazi aliinuka kwenye benchi. Alinyoosha mkono kwa Neema. "Ulijua?"

"Nilijua si cha hapa, bibi. Nilihofu kukuumiza."

"Nirudishie." Akakitazama kile kigae kwa karibu, mbele na nyuma, pengine kwa mara ya kwanza tangu babu afe. "Amana haijafika," akasema. Halafu, "Kilipotelea wapi?"

"Uani. Kwenye udongo wa jiko."

"Jiko lililobomoka mwaka wa mvua kubwa?"

"Ndiyo."

"Na udongo wake tukausambaza palepale uani." Akamgeukia Neema. "Mwanangu, nyinyi mnavyotafuta vitu hivi chini, mnachimbaje?"

Neema akapata uhai. Alivuta kiti akatueleza: unapiga kamba, unagawa eneo katika vyumba vya mraba, unavipa namba. Unachimba chumba kimoja kimoja, kidogo kidogo, kwa mwiko, si kwa jembe la hasira. Udongo wote unaupitisha kwenye chekeche. Kila ulichokiona unaandika umekiona chumba gani. Shangazi alimfanya ayaandike kwenye karatasi, akayasoma, akaikunja karatasi akaiweka kifuani mahali kigae kilipokuwa. Asali iliyobaki tulimwachia Neema. Shangazi alimwomba radhi, naye akasema, "Nimekusamehe, bibi," bila kuuliza kosa.

Kurudi

Kutoka Bagamoyo hadi Tabora shangazi aliomba radhi kwa watu thelathini na zaidi, na wote walimsamehe. Mimi nilimwomba radhi mara nne. Alinipa chungwa lililomenywa, alinifunika khanga baridi ilipoingia Singida, aliniuliza kama nimeshiba. Lile neno hakulisema. Lilikuwa mdomoni mwa kila mtu ndani ya basi isipokuwa yeye, na mimi sikuwa na haki ya kulidai.

Kesho yake baada ya kufika alitoka uani na kamba ya kuanikia nguo. Tulipiga vyumba kumi na viwili. Alikaa kwenye kigoda na chekeche la unga, mimi nikachimba. Chumba cha kwanza kilitoa vifungo, gololi moja, na kijiko kilichopinda. Chumba cha pili, karibu na ukuta, kilitoa vipande vya kijani, vimepangwa vizuri, jinsi mtoto mwenye hatia anavyozika vitu vyake.

Shangazi alivipangusa kwa upindo wa khanga akavipanga mapajani. Ilikuwa sahani nzima isipokuwa pengo moja pembeni. Akatoa kigae kilichotoka Tabora kikafika Kaole na kurudi, akakiweka kwenye pengo. Kiliingia kikatulia, ingawa kingo zake nilizozisugua ziliacha mwanya mdogo.

"Na yule paka," akasema, "mama yako alimfukuza nyumbani."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka chekeche likaanguka, akanishika bega ili asianguke na yeye, nami nikacheka huku nalia. Alipopata pumzi alisema, "Nimekusamehe, Zuhura. Sahani nimekusamehe, uongo nimekusamehe, na miaka yote. Lakini amana ya babu haiko tena shingoni kwangu. Nakukabidhi wewe, mbele ya Mungu."

Siku saba baadaye tulimsindikiza, watu wengi, dua nyingi. Hakuna aliyejua kwa nini mikono yangu ina malengelenge.

Sasa mnajua. Si kisima, na Wajerumani hawajaacha kitu hapa, jirani anaweza kurudi kuniamkia kama zamani. Atakayekuja kunitembelea avae viatu vya zamani, na mwenye chekeche la ziada aje nalo.

Jana shangazi alipiga simu kutoka Madina. Sauti ilikuwa inakatikakatika, na nyuma yake nilisikia watu wengi. Hakuuliza habari za nyumbani wala za kuku wake. Aliuliza niko chumba cha ngapi.

Nikamwambia, cha saba.